Vijana wanaandika vizuri kwenye simu, lakini jambo gumu hawalisemi uso kwa uso. Je, mitandao ndiyo chanzo?

#1 Msimamizi Mtumba

Habari zenu wanajukwaa.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikipokea wanafunzi wa vyuo wanaokuja kufanya mafunzo kwa vitendo katika ofisi moja ya umma hapa Mji wa Serikali, Dodoma, na nina dai ambalo ninalileta kwenu lipimwe. Sisemi kwamba vijana wameacha kuzungumza, kwa maana wakati wa chai wanapiga soga hadi tunawaomba wapunguze sauti. Ninachosema ni kwamba mazungumzo magumu yanawashinda: kuomba ruhusa, kueleza kuwa kazi haijakamilika, kumkatalia mtu, kuomba radhi, kumwambia mkubwa wao kwamba maelekezo hayakueleweka. Mambo hayo huyapitisha kwenye WhatsApp hata kama anayeandikiwa amekaa meza ya pili. Binti mmoja aliwahi kuniandikia ujumbe mrefu, wenye adabu na hoja zilizopangwa, huku amesimama nje ya mlango wangu. Nilipomkaribisha ndani anieleze mwenyewe, alisema "samahani" basi, akatazama sakafu.

Maelezo yangu ni haya. Kwenye simu mtu huandika, hufuta, huandika upya, humwonyesha rafiki kwanza, kisha ndipo hutuma. Na akishatuma anaweza kuzima data mpaka atakapokuwa tayari kusoma jibu. Uso wa mtu hautoi nafasi hiyo. Anayekuuliza anasubiri, nyusi zake zinabadilika mbele yako, na jibu lako la kwanza ndilo linalobaki. Kijana aliyeanza kuchati akiwa na miaka 13 amejifunza ustadi mmoja na kuukosa mwingine. Wenye maelezo tofauti, karibuni.

#2 Kijana wa Ng'ong'ona

Shikamoo mkuu, na ahsante kwa uzi. Mimi ni miongoni mwa hao unaowasema, na mafunzo kwa vitendo nimeyamaliza mwaka huu, ingawa si Mtumba, kwa hiyo usianze kunitafuta.

Umeeleza tunavyoandika lakini hukutuuliza kwa nini tunaandika. Katika ofisi niliyokuwapo nilimwomba msimamizi ruhusa ya kwenda hospitali kwa mdomo, akaitikia kwa kichwa, na kwenye fomu ya tathmini nikakuta nimeandikwa mtoro. Mdomo hauna tarehe. Ujumbe una tarehe na saa, na tangu WhatsApp ilipoleta tiki za bluu mwaka 2014 una hata uthibitisho kwamba umesomwa. Sioni uoga hapo. Ninaona tahadhari ya mtu mdogo anayefanya kazi chini ya wakubwa. Na kuhusu kuandika na kufuta, je, barua za onyo zinazotoka ofisini kwenu haziandikiwi rasimu kwanza?

#3 Mwalimu Kongwa

Msimamizi, dai lako nimelisoma mara mbili na ninaona lina pengo.

Ninafundisha sekondari ya bweni wilayani Kongwa. Simu haziruhusiwi, na mwanafunzi akikutwa nayo inachukuliwa na mzazi anaitwa. Kwa hiyo kwa sehemu kubwa ya mwaka vijana hawa hawana mitandao kabisa. Kama mitandao ndiyo ingekuwa mzizi, wanafunzi wangu wangekuwa wasemaji hodari kuliko wenzao wa mjini wanaolala na simu kitandani. Sivyo ilivyo. Nikimwita mwanafunzi anieleze kwa nini hakufanya zoezi, ninapata kimya kile kile unachokipata wewe.

Mimi ninauona mzizi kwenye lugha ya kufundishia. Katika shule ya msingi ya serikali mtoto amesoma kwa Kiswahili miaka 7: anauliza, anabisha, analichekesha darasa. Akiingia kidato cha kwanza, masomo karibu yote yanageuka kuwa ya Kiingereza, na kabla muhula haujaisha anakuwa ameng'amua kwamba kukaa kimya ni salama kuliko kuchekwa. Anapofika ofisini kwako amekwisha kukaa miaka mingi akijizoeza kunyamaza mbele ya mkubwa. Kwenye WhatsApp anaandika Kiswahili chake mwenyewe, hakuna anayemsahihisha, ndiyo maana huko hoja zinatoka zimepangika.

#4 Dada Semina

Nashukuru kwa mada. Mimi niko upande wa Msimamizi, na ushahidi wa kisayansi upo. Tulifundishwa kwenye semina ya huduma kwa wateja kwamba asilimia 93 ya mawasiliano ni sauti na mwonekano wa mwili, na maneno yenyewe ni asilimia 7 tu. Sasa kijana anayekulia kwenye kuchati anakulia ndani ya hiyo asilimia 7. Akija kukutana na asilimia 93 zilizobaki lazima apotee.

#5 Msomi wa Makulu

Dada Semina, hiyo 93 inazunguka kwenye semina nyingi kuliko mabahasha. Ilitokana na majaribio ya Albert Mehrabian, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, yaliyochapishwa mwaka 1967. Watu walisikilizishwa neno moja moja likitamkwa kwa namna tofauti za sauti, na katika jaribio jingine sauti ikaambatanishwa na picha za nyuso, ili ionekane wanaamini nini pale neno linapopingana na sauti au uso. Kutoka hapo zikapatikana 7, 38 na 55. Zinahusu kutambua kama mtu anakupenda au hakupendi, na Mehrabian mwenyewe amesisitiza kwamba si kanuni ya mawasiliano yote. Kama maneno yangekuwa asilimia 7 tu, tungeisikiliza hotuba ya Kichina bila mkalimani na kuielewa karibu yote.

Hata hivyo Msimamizi ana ushahidi bora ambao hajautumia. Mwaka 2014 watafiti wa chuo hicho hicho, Yalda Uhls akiwa miongoni mwao, walichapisha utafiti kuhusu watoto wa darasa la sita waliokaa kambini siku 5 bila skrini yoyote. Walipopimwa, walikuwa wameongeza uwezo wa kutambua hisia kwenye nyuso na miili ya watu kuliko wenzao walioendelea na vifaa vyao kama kawaida. Lakini soma kwa uangalifu. Kambini hawakuondolewa skrini pekee. Walikula, wakacheza na kulala pamoja, na huwezi kujua ni lipi kati ya hayo lililowasaidia. Tena kama siku 5 zilitosha kuleta tofauti, basi ustadi huo haukuwa umekufa.

Kuna jambo jingine linalopaswa kutufanya tusiharakishe. Robert Kraut na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walichapisha mwaka 1998 utafiti wa familia za Pittsburgh zilizokuwa zimeanza tu kutumia intaneti, wakaona kwamba waliotumia zaidi walipunguza mazungumzo na watu wa nyumbani. Habari hiyo ilivuma sana. Waliporudi kwa watu wale wale, matokeo yakachapishwa mwaka 2002, athari nyingi mbaya zilikuwa zimetoweka. Katika kundi jipya walilolipima, waliokuwa wachangamfu walizidi kunufaika, ilhali waliopenda kujitenga walielekea kuzidi upweke. Kwa hiyo swali la "mitandao inafanya nini kwa vijana" huenda halina jibu moja, kwa sababu vijana wenyewe si wamoja.

Jambo la mwisho ni la sakafu. Watafiti wa Marekani wakipima mazungumzo huhesabu kutazamana machoni kuwa alama njema. Hapa kwetu binti anayemkazia macho mkubwa wake ataulizwa amelelewa na nani. Huenda yule wako hakushindwa kuzungumza, alikuwa anakuheshimu.

#6 Msimamizi Mtumba

Msomi, mimi ni mzaliwa wa Bahi na macho ya heshima ninayajua. Mwenye heshima huinamisha macho na bado anasema lililomleta. Huyu hakulisema. Ama kuhusu Mwalimu, sijakataa hoja ya lugha, ila ofisini kwangu hatuzungumzi Kiingereza. Kama hofu ilikuwa ya Kiingereza, mbona haiondoki Kiingereza kinapoondoka?

#7 Mzee wa Mpwapwa

Mbukwenyi, kama tunavyosalimiana kwa Kigogo! Nimewasoma wote kwa furaha, hasa huyo Msomi anayekwenda Marekani na kurudi kabla chai haijapoa.

Ninataka kuuliza jambo ambalo wasomi wamelipita. Ni lini hasa sisi tulisema mambo magumu uso kwa uso? Mimi nilipofeli mtihani wa darasa la saba sikumwambia baba. Nilimwambia mama, mama akangoja siku ambayo mzee amekula akashiba, akamwambia. Nilipotaka kuoa sikwenda kwa wakwe kufungua mdomo. Alitumwa mshenga, tena kabla yake ilitangulia barua ya posa iliyoandikwa na mtu mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu. Mke akigombana na jirani huko pwani hununua kanga yenye maneno makali akapita nayo mbele ya mlango wa mwenzake, na ujumbe unafika bila mtu kutamka lolote. Mambo ambayo ndugu hawawezi kuambiana msibani aliyasema mtani huku watu wanacheka.

Kwa hiyo Msimamizi anapolalamika kwamba kijana hamwambii mkubwa jambo gumu machoni, ninajiuliza anawalinganisha na vijana wa lini. Sisi tulikuwa na mama, shangazi, mshenga na mtani. Huyu wa leo amepanga chumba Nkuhungu, shangazi yake yuko Manyoni. Amemtuma WhatsApp awe mshenga wake. Naye Msimamizi atuambie bila kuficha: posa yake aliipeleka mwenyewe?

#8 Mama Zabibu

Nimecheka peke yangu hadi wateja wakaniuliza kuna nini. Msimamizi, swali la mzee lijibiwe.

Nami nina langu la sokoni. Ninauza zabibu, mbichi na kavu, na binti yangu ananisaidia kwa kuzitangaza Instagram na kwenye stetasi ya WhatsApp. Anauza kuliko mimi, hilo silifichi. Lakini mteja akija mezani akasema "mama, punguza", binti anaganda. Ama anakubali bei ya kwanza anayotajiwa, ama anakasirika kana kwamba ametukanwa. Kupatana bei ni mazungumzo magumu ambayo sisi tulijifunza tukiwa wadogo, tukitumwa Soko la Majengo na hela pungufu. Unamtazama mtu, unajua huyu anatania, huyu ana haraka, huyu hana kitu kweli. Binti amejifunzia biashara mahali ambapo mtu anaandika "bei gani?", anajibiwa "njoo inboksi", na asiyetaka anapotea bila kuaga. Hajawahi kuona uso wa mtu anayekataa.

Sijui kama hiyo ni lugha ya kufundishia, Mwalimu. Sokoni hakuna kidato cha kwanza.

#9 Msimamizi Mtumba

Mzee wangu, marahaba kwa salamu ambayo sijaamkiwa. Posa yangu ilipelekwa na baba mdogo na barua ilikuwa na makosa mawili ya herufi, ambayo wakwe wanayataja mpaka leo.

Lakini hoja yako, pamoja na utamu wake, inaniachia mambo mawili. Kwanza, mshenga alikuwa na uso. Alikaa, akaulizwa, akabanwa, akatozwa faini alipokosea utaratibu, akarudi na kueleza namna neno lilivyopokelewa. Kijana alikuwa anajifunza kutoka kwake jinsi watu wazima wanavyosemezana. Ujumbe wa simu hauulizwi wala haurudi na habari. Pili, mshenga alikuwa wa mambo makubwa machache. Ripoti isiyokamilika ni jambo la kila wiki, na kwa jambo la kila wiki hata ninyi hamkutuma mtu.

#10 Mhamiaji wa Iyumbu

Salaam. Ninasoma huu uzi nikiona kila mtu analaumu simu, shule au desturi, na hakuna aliyetaja mji wenyewe.

Ofisi yetu ilihamia hapa kutoka Dar es Salaam kufuatia uamuzi wa serikali wa mwaka 2016. Kijana wangu alikuwa na marafiki wa mtaani Temeke tangu anatambaa. Hapa tumepanga nyumba yenye ukuta na geti, na kulia kwetu pia kuna ukuta na geti. Mtaa mzima ni watu waliokuja juzi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 2,083,588 katika mkoa wa Dodoma, na ya mwaka 2022 ikahesabu 3,085,625. Milioni moja zaidi ndani ya miaka 10, na wengi tulioongezeka hapa mjini hatujuani. Mtoto alinyamaza tulipofika, akawa anaishi kwenye simu na wenzake wa Temeke. Mtu wa nje angesema mitandao imemkata na jamii. Mimi niliyekaa naye ninaona kwamba uhamisho ndio uliomkata, na simu ikamshika asianguke.

Tangu treni ya SGR ianze safari za Dodoma mwaka 2024, anakwenda Dar wakati wa likizo na kurudi amechangamka. Ustadi wa kuzungumza anao. Hana wa kuzungumza naye.

#11 Msomi wa Makulu

Mhamiaji, hoja nzuri, ila tuweke tarehe sawa. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa mwaka 1973, enzi za TANU na Mwalimu Nyerere. Kilichotokea mwaka 2016 ni Rais Magufuli kutangaza utekelezaji wake, na mwaka 2018 Dodoma ikapandishwa hadhi kuwa jiji.

Ninalitaja hili kwa sababu linatupa njia ya kukupima. Kama wageni wengi katika mji mmoja ndio sababu, basi vijana wa miji ya mkoa huu huu isiyopokea wimbi hilo, kama Kondoa na Mpwapwa, wangekuwa bado wanazungumza vizuri. Mzee yuko Mpwapwa. Atuambie.

#12 Mzee wa Mpwapwa

Huku tunajuana mpaka majina ya mbuzi, na vijana wameinama vile vile. Wanakaa kijiweni watano, kila mmoja na simu yake, wanachekea video tofauti. Ila nitawatetea kidogo: mmoja akiona cha kuchekesha huwaonyesha wenzake, na hapo ndipo mazungumzo yanapoanzia. Zamani tulianzia kwenye mpira wa redioni.

Na huyo anayesifu SGR ajue kwamba treni ya zamani, pamoja na uchelewaji wake, ililaza watu usiku mzima katika behewa moja, ukafika Dodoma umeshajua matatizo ya ndoa ya mtu wa Tabora.

#13 Alama za Mikono

Mimi ni kiziwi, ninatumia Lugha ya Alama ya Tanzania, na sijaona mtu kama mimi akichangia, ingawa mnazungumzia "uso kwa uso" na kwangu uso ndiyo kila kitu.

Kabla ya WhatsApp kuleta simu za video mwaka 2016, mawasiliano yangu na rafiki aliye mbali yalikuwa maandishi tu, na maandishi ya Kiswahili ni lugha yangu ya pili. Simu ya video ilinipa kwa mara ya kwanza uwezo wa kubishana na mtu aliye Singida kwa lugha yangu, kwa mikono, kwa uso, kwa kukatizana. Kwa hiyo nikisoma kwamba mitandao inaondoa mazungumzo ya ana kwa ana, ninaona mnasema jambo ambalo kwetu lilitokea kinyume.

Lakini upo upande wa pili. Ninyi mnaosikia, mwenzenu akiinamia simu wakati mnazungumza bado mnaendelea, sauti inamfikia, mnaita hiyo ni dharau ndogo. Mimi mwenzangu akiinamia simu, mazungumzo yamekatika palepale. Hanioni, basi sijasema kitu. Vijana viziwi niliokua nao tulikuwa na kanuni bila kuiandika: macho hayaondoki mpaka mtu amalize. Hawa wadogo zetu kanuni hiyo inalegea. Nimewaona wawili wakikaa pamoja, mmoja anaalamisha na mwingine anachungulia skrini katikati ya sentensi, kisha anamwomba arudie. Sioni namna ya kuieleza hiyo kwa lugha ya kufundishia, wala kwa uhamisho wa serikali, wala kwa mshenga.

#14 Dada wa Chang'ombe

Mchango wa #13 umenigusa. Ahsante sana.

Nami ninaleta suala la misiba. Tulifiwa na mama mkubwa mapema mwaka huu. Binamu yetu mmoja, kijana anayekaa umbali wa dakika chache kwa bodaboda, aliandika "poleni sana" kwenye kundi la ukoo, akaweka mikono iliyounganishwa, akatuma mchango kwa simu. Hakuja. Wazee walikasirika mno, na kilichowaudhi si fedha, kwa sababu alichanga kuliko waliokuja. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakufika, alisema: "Dada, sikujua ningesema nini nikiingia." Amesoma, ana kazi, na hajui kwamba msibani hutakiwi kusema lolote. Unaingia, unashika mkono, unakaa kwenye mkeka.

Huyo hakukosa maneno. Hakuwa amekaa kwenye misiba ya kutosha, kwa sababu alikuwa bweni tangu darasa la tano. Je, hilo nalo ni la Facebook?

#15 Kijana wa Ng'ong'ona

Dada, binamu yako ninamwelewa kabisa. Mtuandikie mahali mambo haya, maana kila mkubwa anadhani tulizaliwa tukiyajua.

Kwa Mama Zabibu, shikamoo. Binti yako anauza kuliko wewe, umesema mwenyewe. Ukihesabu faida ya mwezi, bado unataka aje Majengo kubishana kuhusu shilingi 200?

#16 Mama Zabibu

Marahaba mwanangu. Ninataka, kwa sababu siku Instagram ikizimwa au akaunti ikidukuliwa atabaki na meza na mdomo. Hiyo 200 niachie mimi.

#17 Fundi Simu Majengo

Wakuu, mimi ninatengeneza simu na kila siku ninakabidhiwa simu za watu ziko wazi, bila kupekua ninaona mengi. Nadhani mnajadili ulimwengu uliokwisha kupita. Msimamizi anasema vijana wanaandika. Vijana wangapi wanaandika siku hizi? Nikifungua WhatsApp kujaribu kipaza sauti ninakuta mistari ya ujumbe wa sauti mfululizo. WhatsApp ilileta huduma hiyo mwaka 2013, na kwa wateja wangu imeyashinda maandishi. Mtu anabonyeza, anasema dakika 3 au 4, anaachia.

Sasa hapo hoja ya kuandika na kufuta iko wapi? Anasema kwa mdomo wake, kwa sauti yake, akigugumia na kucheka. Kilichokosekana ni kitu kimoja tu: hakuna anayemkatiza. Anamaliza yote aliyotaka kusema, kisha mwingine naye anamaliza yake. Wanapishana kama wahubiri wawili. Mimi nimeona vijana wanaogombana kwa njia hiyo usiku kucha, na asubuhi hakuna aliyesikia alichoambiwa, kwa sababu kila mmoja alikuwa anaandaa dakika zake.

#18 Mwalimu Kongwa

Fundi, umesema jambo ambalo ninaliona darasani. Mwanafunzi wangu nikimpa mada atoe hotuba anasimama na kuitoa, wengine vizuri sana. Mwenzake akiuliza swali katikati, anarudi mwanzo wa hotuba na kuianza upya. Kukatizwa ndiko kunakomwangusha. Na hao, ninakumbusha, hawana simu.

#19 Msimamizi Mtumba

Wanarudi likizo, Mwalimu. Likizo wanazo simu za kaka zao.

#20 Mzee wa Mpwapwa

Fundi, nawe usitusingizie vijana. Anayetuma ujumbe wa sauti wa dakika 4 ni mimi. Kuandika kunanichosha macho, kwa hiyo ninamtumia mwanangu aliyeko Mwanza maelezo yote, la shamba, la afya ya mama yake, na la tatu. Yeye ananijibu kwa kidole gumba. Ninataka wataalamu waniambie hapo ni nani anayekwepa mazungumzo.

#21 Kijana wa Ng'ong'ona

Mzee wangu, baba yangu ananitumia za dakika 6, ninazisikiliza nikiwa kwenye foleni ya bajaji. Mambo ya shamba na afya yanajibika. Lakini hilo la tatu ambalo hukulitaja, kama ndilo ninalolifikiria, la kuuliza ataoa lini, hata mimi ningejibu kwa kidole gumba. Mpelekee mshenga.